Barua ya wazi kwa wasimamizi wa methadoni mkoani kwetu: mlango wa kutokea uko wapi?

Kwa:
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu ya rufaa,
na wote mnaosimamia kliniki ya methadoni na nyumba za upataji nafuu (soba, wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya) katika mkoa wetu.

YAH: WATEJA WA METHADONI WANAOOMBA KUACHISHWA DAWA CHINI YA DAKTARI, KARIBU NA NYUMBANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa methadoni, dawa tunayokunywa kliniki badala ya unga (heroini), na huu ni mwaka wangu wa saba. Ni fundi seremala, nina mke na watoto wawili. Kabla ya hapo nilitumia unga kwa miaka kumi na mmoja. Hii si barua yangu ya kwanza kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwaka jana mwezi wa tatu, ikagongwa muhuri masjala, nami nikabaki na nakala. Nikaambiwa nisubiri. Mwezi wa saba nilipoulizia nikaambiwa iko mezani. Mwezi wa kumi nilirudi tena, nikakuta aliyeipokea amehamishwa na aliyeshika nafasi yake hana habari nayo. Nakala ninayo mpaka leo, imechanika kwenye mikunjo kwa kufunguliwa na kufungwa. Ndiyo sababu leo naandika mbele za watu.

Sijataja jina la hospitali wala la mtu. Nia yangu si kumchafua yeyote, nataka nijibiwe.

Nianze na shukrani, tena za dhati. Dawa hii ilipoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, sisi tulikuwa vijiweni. Tulisikia kama hadithi kwamba kuna dawa ya kunywa, ya serikali, bure, ukinywa asubuhi huoni arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, mpaka kesho yake. Wengi hatukuamini. Huduma ilipotufikia huku kwetu, mimi nilikuwa nimebaki mifupa. Mama yangu alikuwa akitembea na ufunguo wa kabati shingoni, usiku analala nao, kwa kuwa nilishauza redio, pasi na vitenge vyake. Nilipotimiza mwezi wa nne kwenye dawa, aliuvua ufunguo ule akautundika kwenye msumari ukutani, pale pale ninapopita kwenda uani. Hakusema neno. Upo pale hadi leo.

Kwa hiyo asitokee mtu akaichukua barua hii kwenda kuwaambia watu kwamba methadoni haifai, au kwamba wateja wote waachishwe. Wapo wenzangu ambao kuacha dawa ni kujipeleka kaburini, na wana haki ya kuipata maisha yao yote, kama mgonjwa wa kisukari anavyopata insulini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 nao unasema kuwa kwa walio wengi kuendelea na dawa ndiko kunakoleta matokeo mazuri. Hilo nimelielewa na ninaliheshimu. Lakini tupo wachache tuliotulia kwa miaka, tuna kazi na familia, na tunataka kuondoka taratibu mkono wetu ukiwa mkononi mwa daktari. Mlango wa kuingilia mlituonyesha. Wa kutokea hatujauona, na anayetaka kutoka anaruka dirisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tukiomba kupunguziwa dozi hatupewi jibu.

Niliomba mara ya kwanza nikiwa na miaka mitatu kwenye dawa, dozi yangu miligramu 80. Nikaambiwa nitulie kwanza. Nilikuwa nimetulia: mkojo wangu ulishapimwa mara nyingi kwa miaka miwili na haukukutwa na unga hata siku moja. Mara ya pili nikaambiwa, "Kaka, hapa tunatoa dawa, hatuachishi." Mara ya tatu mnasihi aliandika ombi langu kwenye faili, akaniahidi kulifikisha kwa daktari. Sijui liliishia wapi, maana sikuitwa.

Kama daktari anaona sifai kupunguziwa, ana haki ya kunikatalia. Aniite, anikalishe, aniambie sababu. Huenda ana sababu nzuri na mimi nikakubaliana naye. Kinachotuumiza ni kunyamaziwa.

Na kinachoombwa si kigeni kwenye tiba. Dozi inapunguzwa kidogo, mwili unapewa wiki kadhaa uzoee, inapunguzwa tena. Mteja akiyumba, mnasimama hapo hapo au mnarudi juu kidogo. Ni kazi ya miezi mingi, kwa wengine inapita mwaka, na zile miligramu za mwisho mwisho ndizo zenye kazi kuliko za mwanzo. Dawa inayotumika ni ile ile iliyopo dirishani kwenu, kwenye kikombe kile kile.

2. Tusipojibiwa tunaacha wenyewe, na huko ndiko tunakofia.

Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Miaka miwili iliyopita nilipata kazi ya kutengeneza milango na madirisha ya shule, mkoa wa jirani, wiki sita. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Niliomba dozi za kubeba, nikakataliwa. Niliomba barua ya kunywea kliniki ya huko, nikaambiwa aliyetakiwa kusaini yuko safarini. Nikafanya uamuzi wa kijinga: nikaacha dawa ghafla kutoka miligramu 80, nikijua nina siku kumi kabla ya kazi kuanza. Nilijiambia, mimi nimeshakata arosto ya unga mara ngapi, hii itanishinda?

Siku ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili zikaja miayo, machozi na makamasi, nikadhani ndiyo imeshafika. Wenzangu mnaosoma hii, sikilizeni. Arosto ya unga ina haraka, inafika siku hiyo hiyo na ndani ya wiki moja hivi imeshakuachia. Ya methadoni inakuja polepole kwa sababu dawa yenyewe inakawia kutoka mwilini, na ikishakaa ndani haitaki kuondoka. Wataalamu wanaihesabu siku 10 hadi 20. Siku ya tano nilishuka kitandani nikalala sakafuni, godoro lilikuwa likiniuma kama nimelazwa juu ya mawe. Miguu ilirusha mateke yenyewe. Mke wangu aliloweka kanga akanifunika kwa kuwa mwili unawaka, baada ya muda mfupi akaivua kwa kuwa natetemeka, akaiweka kando, akailoweka tena. Kanga moja, kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane. Mtoto wetu mdogo alisimama mlangoni akauliza kama baba ana malaria. Mama yake akamwambia ndiyo.

Siku ya sita tulikwenda zahanati ya mtaa. Tabibu tuliyemkuta ni kijana mwenye roho nzuri, wala simlaumu. Alinipa dawa ya maumivu na pakiti za ORS, maana nilikuwa naharisha bila kupumzika. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Methadoni ndiyo ile ya mateja?" Hakuwahi kufundishwa. Hakuwa na mwongozo mezani, hakuwa na namba ya daktari wa kliniki ya kumpigia. Aliniambia nirudi nilikotoka.

Siku ya nane nilirudi. Walinianzisha upya na dozi ya chini, na kwa hilo walikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa mwili uliokaa siku kadhaa bila dawa unaweza kuuawa na dozi yake ya zamani. Ilinichukua wiki nyingi kupanda hadi niliposimama sawasawa. Kazi ya shule alipewa mwingine.

Mimi nilirudi. Rafiki yangu hakurudi. Alikuwa mvuvi, tulianza dawa mwezi mmoja, tukikaa benchi moja kila asubuhi. Jina lake naliacha kwa wazazi wake. Yeye naye aliomba kupunguziwa, hakujibiwa, akaacha mwenyewe. Alistahimili siku 19. Kwa kweli alikuwa ameshapita pagumu kwa upande wa mwili, ila usingizi ulikuwa haujarudi na moyo ulikuwa mzito, na hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo nayo ni sehemu ya kuacha na huchukua muda. Usiku wa siku hiyo alikwenda kijiweni akanunua kete kama zile alizozoea enzi zake. Asubuhi wenzake walimkuta ubavuni mwa ngalawa aliyokuwa akivulia, midomo imegeuka rangi. Waliokuwa naye usiku walidhani amelala na anakoroma. Kule kukoroma ndiko kulikuwa kuishiwa pumzi.

Ipo dawa inayoitwa naloksoni, inayomrudisha mtu wa namna hiyo akiwahiwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa, wakiwemo ndugu na marafiki, wawezeshwe kuipata na kufundishwa kuitumia. Pale ufukweni hakuna aliyewahi kuisikia.

3. Kliniki inatutuma soba, soba inaturudisha kliniki.

Nilipowaambia kliniki nataka kuacha, mmoja wenu aliniambia niende nyumba ya upataji nafuu. Nilikwenda. Msimamizi akaniambia hawapokei mtu anayekunywa methadoni, kwao hiyo ni sawa na unga, nimalize kwanza ndipo nije. Nyumba ya pili walikubali kunipokea, kwa sharti la kuacha dawa siku ya kuingia, kwa fedha ambayo ni mapato yangu ya miezi miwili. Nikauliza kama kuna daktari au muuguzi. Hakuna. Nikauliza mtu akizidiwa usiku wanafanya nini. Nikaambiwa wanamwagia maji.

Nawajua vijana waliosimama kwa sababu ya soba, na baadhi ya wanaoziendesha ni watu waliopita huku tulikopita, wanafanya kazi ya Mungu. Lakini mtu wa miligramu 80 akikatwa ghafla kwenye chumba kilichofungwa, bila mtaalamu, huyo hatibiwi.

4. Umbali, na vituo vya karibu kutofahamu lolote.

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Gari mbili kwenda, gari mbili kurudi, shilingi 4,000 kwa siku, siku saba za wiki, Iddi na Krismasi zikiwemo. Fundi anayefika kazini saa tano hapewi kazi nzuri. Wengi tunaotaka kuacha sababu yetu ni hii, wala si kuichukia dawa. Pengine huduma ingesogezwa wilayani baadhi yetu tusingeomba kuondoka.

Na tatizo la vituo vya karibu haliishii kwenye kuacha. Mwenzetu mmoja alianzishiwa dawa za kifua kikuu kwenye kituo cha afya cha kwao. Wiki haikuisha akawa kila jioni yuko kwenye arosto. Dirishani wakamwona mwongo anayetafuta kuongezewa. Rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaifanya methadoni iishe mwilini upesi, na hilo limeandikwa kwenye vitabu vya wafamasia. Kituo kilichompa rifampisini hakikujua anakunywa methadoni, na kliniki ya methadoni haikujua ameanza rifampisini. Alibaki kidogo tu arudi kwenye unga.

5. Akina mama wajawazito.

Hili nalisema kwa ufupi, ila wenye mamlaka walikumbuke. Mjamzito aliye kwenye methadoni anashinikizwa na ndugu aache "kwa ajili ya mtoto". Kuacha ghafla ndiko kunakomhatarisha yeye na mtoto. Dada mmoja wa benchi letu aliambiwa hivyo na mkwewe na akakaribia kutii, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kliniki aliyekwenda kuzungumza na familia.

Najua yatakayosemwa. Yatasemwa kuwa kuacha methadoni ni hatari na wengi huangukia kwenye unga. Ni kweli. Hatari hiyo ndiyo inayodai daktari awepo. Kutunyima daktari hakukutuzuia kuacha, kumetuzuia tu kuacha salama, na kaburi la mvuvi lipo.

Yatasemwa hakuna bajeti. Karatasi ya mpango wa kupunguza dozi, yenye saini ya daktari na ya mteja, haihitaji bajeti. Kumpa tabibu wa zahanati namba ya simu ya kliniki hakuhitaji bajeti. Vitanda viwili kwenye hospitali ya wilaya vinahitaji, nakubali, na hapo naomba tuambiwe kinachopungua ni nini ili nasi tukasemee kwa madiwani na wabunge wetu.

Yatasemwa pia kuwa wateja si wa kuaminika, leo wanaomba hiki kesho kile. Mimi nimefika dirishani kwenu kila siku kwa miaka saba, ukiacha zile siku nane nilizozieleza. Daftari la mahudhurio mnalo ninyi.

Ninachoomba, na wenzangu 14 wa benchi letu wameniruhusu niseme kwa niaba yao:

Mteja anayeomba kupunguziwa dozi aonwe na daktari na apewe jibu la maandishi ndani ya siku 30. Akikubaliwa apewe mpango, akikataliwa apewe sababu na tarehe ya kuomba tena. Mpango usimfungie mtu: anayetaka kusimama katikati asimame, na anayebadili mawazo abaki kwenye dawa bila kuchekwa.

Hospitali ya kila wilaya iwe na angalau tabibu mmoja na muuguzi mmoja waliofundishwa methadoni na arosto yake, na vitanda vichache kwa ajili ya wanaomalizia dozi za mwisho. Zahanati zipewe namba ya kupiga. Kila mteja apewe kadi ndogo yenye dozi yake na namba hiyo, ili popote atakapotibiwa wajue.

Aliyetoka akateleza apokelewe siku anayorudi. Haya ya kuwekwa foleni ya miezi kama mgeni, au kusimangwa mbele ya wenzake, yaondolewe.

Naloksoni ifike vijiweni, ufukweni na majumbani mwetu, na wanaotuuguza wafundishwe kuitumia. Anayemaliza dozi aondoke nayo, yeye ndiye aliye hatarini kuliko wote kwa kuwa mwili wake umesahau kuhimili.

Tunaomba vilevile orodha ya nyumba za upataji nafuu mlizozikagua, ionyeshe zipi zinampokea mtu anayeendelea kupunguza methadoni, zipi zina muuguzi, na gharama zake. Ibandikwe kwenye ubao pale nje, karibu na dirisha, tunapopanga foleni.

Mwisho naomba kikao. Daktari wa kliniki, mfamasia, afisa ustawi wa jamii, wasimamizi wa soba na sisi wateja, tukae meza moja. Sisi tuko tayari siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, tukishakunywa.

Nitasubiri siku 30 tangu leo. Sina mpango wa kuacha dawa ghafla tena, mke wangu nimemwahidi na ninyi nawaahidi. Dozi yangu bado ni 80, namba ya faili langu ipo juu ya nakala ya ile barua ya mwaka jana, na kesho nitakuwa kwenye foleni kama kawaida. Mnaweza kuniita nikiwa pale pale.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi seremala,
mteja wa methadoni, mwaka wa saba

Nakala: wateja wenzangu wote, familia zinazotuuguza, wazazi wa marehemu rafiki yangu, walioisoma barua hii kabla haijatoka na wakaniambia niipeleke.